Ng'ombe Aliyepiga Magoti Kengeja

Madungu, Chake Chake
14 Januari 2024

Shangazi yangu Bi Mwanawema,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Huku Madungu tu wazima sote, isipokuwa Baba, ambaye magoti yanamsumbua na hataki kuambiwa ni uzee. Mama anakusalimu sana. Mwanangu Asya ameota jino la kwanza, na siku hiyo hiyo akalijaribu kwenye kidole cha Baba. Kidole kimefungwa kitambaa, na kila mgeni anayeingia anaonyeshwa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako najua ingali kisimani, na umeshasema hutaki nyingine. Ridha wa gari ya Kengeja ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Haya, nije kwenye lililonikalisha kitako. Kila Jumamosi tunakutana pale makumbusho, watu sita wa kujitolea na kompyuta nne, tunaandika habari za Pemba katika kamusi elezo ya mtandaoni. Hiyo ni kamusi ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma na, ukubali usikubali, mtu yeyote anaweza kuiandika. Nilipofungua ukurasa wa mchezo wetu wa ng'ombe nilikuta mistari mitatu. Wa kwanza unasema Pemba ni kisiwa. Wa pili unasema ng'ombe ana pembe. Wa tatu haukumalizika.

Nikaona hili haliwezekani. Mimi nimekua na hadithi ya Babu Nyange na yule ng'ombe aliyempigia magoti, na hakuna harusi ya ukoo wetu ambayo hukuihadithia, ama kabla ya pilau ama baada yake. Basi nimeiandika. Nataka unipe mwaka, jina la ng'ombe, na mengine unayoyakumbuka. Tarehe 29 Juni makumbusho wataonyesha kurasa zetu kwenye kioo kikubwa mbele ya watu, na nataka Babu awepo.

Mwanao,
Samiha

*

Kengeja
29 Januari 2024

Mwanangu Samiha,

Waalaykum salaam, na marahaba mara mia. Barua yako imefika imekunjwa mara nne na inanuka dagaa. Ridha anasema aliiweka mahali salama.

Muhogo wa konde la juu umetoka vizuri. Migomba mitatu imeangushwa na upepo. Kuku wangu mwekundu ametaga ndani ya sanduku la misahafu ya chuoni, kwenye ile nafasi iliyobaki, na sina moyo wa kumhamisha, basi watoto wanasoma kwa zamu na kwa sauti ya chini. Mwambie baba yako magoti yake ni uzee. Mimi ni mkubwa wake na nayajua.

Umenifurahisha, mwanangu, hata nimeandaa kalamu mpya. Andika hivi. Mwaka 1968, wakati wa kiangazi, mimi nina miaka kumi na miwili na baba yako hajazaliwa. Ng'ombe aliitwa Sitaki Shari, wa Mzee Soud jirani yetu, mweusi, na jina hilo alipewa kwa kejeli kwa sababu shari ndiyo kitu pekee alichokitaka. Zumari inalia, wanawake wanaimba, wachezaji wanamchezea kwa vitambaa, mara kamba ikakatika. Watu wakatawanyika. Baba yangu akabaki peke yake kati ya uwanja. Ng'ombe akamjia, akamtazama usoni, akapiga magoti. Sisemi alisujudu, astaghfirullah. Nasema alipiga magoti.

Liandikwe jina lake kamili, Nyange bin Bakar. Na kama mashine hiyo ina nafasi, weka kuwa alikuwa mrefu.

Shangazi yako,
Mwanawema binti Nyange

*

Madungu
18 Februari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tu wazima, na kidole cha Baba kimepona ila kitambaa hajakivua. Asya ana meno mawili. Mpe kuku pole ya uzazi.

Shangazi, kuna mtu anaitwa Seif. Anakaa Gombani, anasomesha hesabu, ana miwani, na katika kujitolea kwetu yeye ndiye anayekagua kazi za wenzake. Niliandika habari za Babu kama ulivyoniambia, hata urefu. Hazikupita dakika tano, Seif, aliyekaa kompyuta ya pili kutoka yangu, akaweka alama mwisho wa sentensi: *bila chanzo*. Nikaifuta. Akairudisha. Tulifanya hivyo mara tisa bila ya kusema neno, huku tunapitishiana biskuti.

Mwisho nikamuuliza anataka nini. Akasema kamusi ile haichukui jambo mpaka liwe limeandikwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kulisoma. Nikamwambia chanzo ni shangazi yangu, alikuwepo. Akasema, kwa adabu lakini akasema, kwamba shangazi si chanzo.

Linaloniudhi zaidi ni kuwa babu yake mwenyewe, Mzee Duni, alikuwa mmoja wa wachezaji siku ile, na yuko hai hapo Gombani. Nikasema twende tukamuulize. Seif akakohoa, akafuta miwani, akasema babu yake hasikii vizuri siku hizi.

Tumepewa mpaka tarehe 15 Juni. Sentensi itakayokuwa bado haina chanzo siku hiyo itaondolewa, na Babu ataondoka nayo. Je, hakuna popote palipoandikwa?

Samiha

*

Kengeja
8 Machi 2024

Mwanangu Samiha,

Ramadhani iko mlangoni na mimi badala ya kutayarisha moyo nimeshughulishwa na mtu wa Gombani mwenye miwani. Salamu kwa wote. Vifaranga ni saba. Muhogo umeanza kuliwa na panya.

Shangazi si chanzo? Yeye Seif alizaliwa na chanzo gani? Mimi nimesomesha chuoni miaka arubaini na mitatu, na Kengeja hii mtu akitaka kujua nani kazaliwa lini, nani kaoa nani na nani alikataa kumuoa nani, anakuja barazani kwangu. Lakini sitaki ugomvi. Ametaka maandishi, nimempatia maandishi.

Nimekwenda kwa sheha. Nilimtaka aandike kuwa ng'ombe alipiga magoti mbele ya Nyange bin Bakar, kisha agonge muhuri. Sheha wetu kijana, na ana hofu ya vitu. Akasema, "Bi Mwanawema, miye mwaka huo sijazaliwa, n'taugongaje muhuri?" Nikamwambia hata kaburi la baba yake hakuwepo alipochimbwa babu yake, na bado analisimamia. Hakuelewa, na nikirudia kulisoma naona hata mimi sielewi, lakini aliingiwa na haya. Mwisho ameandika haya, nayo nimeyaambatisha:

*Nathibitisha kuwa Bi Mwanawema Nyange ni mkaazi wa shehia yangu, ana akili zake timamu, na mambo ya ng'ombe anayasema yeye mwenyewe.*

Muhuri upo, na saini, na tarehe. Pamoja na hiyo nampelekea Seif mkungu mmoja wa ndizi, mzima. Mtu akishiba hupungua maswali.

Tena ujue kuwa gari ya Ridha nimeshaikamata kwa tarehe 29 Juni. Watu thelathini na wawili wamejiandikisha kuja kumuona baba yangu kwenye kioo. Wanawake wanashona sare. Usinitie aibu.

Mwanawema binti Nyange

*

Madungu
20 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Idi imepita salama, taqabbal Allah. Kanga uliyonitumia imenikaa. Asya ameanza kusimama kwa kushika nguo za watu, na Baba, wa magoti, ndiye anayemkimbilia.

Ndizi zimefika. Seif alikula kumi na moja, akashukuru sana, akasema ndizi nazo si chanzo. Barua ya sheha aliisoma mara mbili. Akasema kama siku moja tutaandika ukurasa kuhusu akili zako, itafaa.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita familia ya marehemu Maalim Nassor, yule aliyesomesha Kengeja zamani, wameleta makumbusho sanduku la picha zake. Tulikuwa tunazipanga, mara nikaona moja imeandikwa nyuma yake kwa wino: *Sitaki Shari, Kengeja, 1968*. Shangazi, moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikaigeuza.

Ng'ombe kapiga magoti kweli. Lakini aliyesimama mbele yake ni mtoto wa kike, na miguuni kwake pana beseni.

Mengine yaliyomo katika picha hiyo siyaandiki. Nimetoa nakala, imo ndani ya bahasha hii. Itazame mwenyewe, kisha uniambie mtoto huyo ni nani.

Samiha

*

Kengeja
12 Mei 2024

Mwanangu Samiha,

Salamu. Mvua za mwaka huu hazina mchezo. Njia ya kondeni imekuwa mto. Panya wamekula muhogo wote wa chini, kisha wakahamia wa juu. Vifaranga wamebaki watano. Mbuzi wa jirani ameingia chuoni, akala juzuu mbili na kofia moja. Sare zimekamilika, za rangi ya zambarau.

Barua yako imefika lakini picha haimo. Ridha lazima ameipoteza, unamjua alivyo. Kwa hiyo kuhusu picha sina la kusema, maana sikuiona.

Tena miguu ile juu ya mkarafuu inaweza kuwa ya mtu yeyote. Vikoi vyenye viraka siku hizo vilikuwa vingi.

Wasalaam.

Mwanawema

*

Madungu
25 Mei 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, Asya anakusalimu kwa meno manne.

Shangazi, mimi katika barua yangu sikutaja miguu. Wala mkarafuu. Wala kikoi. Naisoma hapa nakala yangu, nimeisoma mara tatu, haimo.

Lakini kwa kuwa umeshataja, nami nitasema. Picha imepigwa kwa juu. Nadhani Maalim Nassor, Mungu amrehemu, naye alikuwa juu ya mti. Na pembeni, katika mkarafuu wa pili, inaning'inia miguu ya mwanamme, na kikoi chake kina kiraka cha pembe tatu. Kikoi hicho kipo hapa nyumbani, Shangazi. Mama anafunikia mikate.

Leo nilimbana Seif mpaka akasema. Babu yake anasikia vizuri kabisa. Siku nyingi Mzee Duni amemwambia kuwa Nyange hakubaki uwanjani, na anajua kwa sababu wote wawili walikuwa juu ya mti mmoja, yeye tawi la juu zaidi. Seif hakutaka kuniambia, asije akamvunjia heshima babu yangu, na wake. Ndiyo maana akaweka alama. Alidhani nitachoka niiondoe sentensi mwenyewe. Hakujua ukoo wetu.

Naweza kuifuta kimya kimya. Picha itarudi sandukuni, watu wa gari ya Ridha nitawaambia mashine imeharibika, na wewe harusini utaendelea kama zamani. Sitasema kitu maisha yangu yote. Lakini tarehe 15 inakuja, na mimi peke yangu siwezi kuamua. Huyu ni baba yako. Niambie nifanye nini.

Mwanao akupendaye,
Samiha

*

Kengeja
6 Juni 2024

Samiha mwanangu,

Picha haikupotea. Iko chini ya mto wangu. Nimemsingizia Ridha na nimemuomba radhi, naye kasema hapana neno, mwaka huu kashasingiziwa makubwa zaidi.

Habari za nyumbani leo sina. Nitakwambia yaliyokuwa, na usinikatize.

Banda la Mzee Soud lilipakana na migomba yetu. Kila alfajiri mimi nilikuwa nampelekea Sitaki Shari maganda ya ndizi kwenye beseni. Nilikatazwa kumkaribia, ndiyo maana nilikwenda. Uzio wake ulikuwa wa magogo, na nafasi pekee ilikuwa chini ya gogo la mwisho. Nikilisukuma beseni pale, na yeye ili alifikie lazima apige magoti. Akazoea. Miezi sita, kila siku, akiniona na beseni anapiga magoti. Hata pasipo na uzio angepiga. Alikuwa mkali lakini hakuwa na akili nyingi.

Siku ya mchezo nilikuwa nawasaidia wanawake kumenya ndizi, nikatumwa nikatupe maganda. Natokea na beseni, nakuta kamba imekatika na Kengeja nzima iko mitini. Kweli, nzima. Imamu yuko juu ya mwembe. Wazumari wamepanda na zumari zao. Chini nimebaki mimi. Sitaki Shari akaniona, akaja mbio. Mimi sikuwa na ushujaa wowote, Samiha. Miguu iligoma tu. Beseni likanianguka, na yeye, kwa mazoea yake, akapiga magoti akala.

Watu, waliofumba macho huko mitini, walipoangalia tena walimuona baba yangu amesimama karibu yangu na ng'ombe kapiga magoti. Jina lake likapigiwa kelele. Yeye akanitazama. Nilijua nikisema nitaulizwa ng'ombe kanijuaje, na nitachapwa. Nikanyamaza. Njiani kurudi nyumbani tukafika kisimani. Akaniambia, "Wema, wakikuuliza utasemaje?" Nikamjibu, "N'tasema kapiga magoti." Na hilo ndilo nililolisema miaka hamsini na sita. Si uongo. Nilikuwa simalizi tu.

Baba hakuisimulia hadithi ile hata mara moja. Ni mimi. Nilipoianza harusini yeye aliinuka akaenda kutazama viatu mlangoni. Na tangu siku ile mpaka naolewa, kila asubuhi alikula ndizi moja akanipa ganda mkononi. Mwaka aliokufa aliniambia, "Lile jambo, mwanangu, limenichosha, liseme." Sikulisema. Niliona haya kumteremsha mtu ambaye nimempandisha mwenyewe. Nimelia kwa jambo hili, na leo nimelia tena, na juu ya karatasi hii utaona.

Sasa nakupa ruhusa. Seif anataka maandishi, basi barua hii ni maandishi. Ipelekeni makumbusho, ipewe namba, akae nayo mtu yeyote aisome. Sheha ameigonga muhuri nyuma. Hakuisoma, alisema kwa mambo yangu anaona bora asijue.

Lakini kuna jambo moja lazima liandikwe, na kama halitaandikwa nirudishie barua yangu. Ng'ombe alipoanza kula, kamba hakuwa nayo na pembe alikuwa nazo. Hakuna aliyejua kama atamaliza maganda kisha anigeukie. Baba yangu aliteremka. Alikuwa amejichuna magoti yote mawili, anatetemeka, na kitambaa hakuwa nacho, akaja akasimama baina yangu na yule mnyama. Wengine waliteremka ng'ombe alipofungwa.

Kupanda walipanda wote. Kuteremka aliteremka mmoja.

Mimi tarehe 29 siji. Watakuja hao thelathini na wawili, na sijawaambia kitu. Waambie wewe. Nitakuwa kondeni na panya wangu.

Mwanawema

*

Madungu
30 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Idi ya kuchinja iliyopita iwe ya kheri. Asya ametembea hatua tatu. Baba amesoma barua yako, kisha akakaa uani peke yake. Alipoingia alikiondoa kile kikoi juu ya mikate, akakikunja, akakiweka kabatini. Mama ameuliza sasa mikate ifunikwe na nini, hajajibiwa.

Jana walifika wote thelathini na wawili, wa zambarau, na zumari mbili. Barua yako imeshapewa namba na mkuu wa makumbusho. Picha ilipotokea kwenye kioo ukumbi ulilipuka kwa shangwe, maana walidhani wataonyeshwa walichokijua. Halafu wakaona mtoto. Halafu wakaona miguu. Wenye sare wakaanza kutazamana, Shangazi. Nilisoma ukurasa, na sehemu yenyewe inasema hivi:

*Mwaka 1968 huko Kengeja, ng'ombe aliyeitwa Sitaki Shari alikata kamba, na watazamaji pamoja na wachezaji wakapanda mitini. Alitulizwa na Mwanawema binti Nyange, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, kwa maganda ya ndizi. Baba yake, Nyange bin Bakar, aliyekuwa mrefu, aliteremka kabla ya wote na kusimama baina yake na ng'ombe.*

Mwisho wa sentensi, pale alipokuwa ameweka alama yake, Seif ameandika: *Chanzo: barua ya shangazi.* Ameliandika yeye mwenyewe, akavua miwani akaifuta, na safari hii haikuwa na vumbi.

Mzee mmoja wa Kengeja akainuka kwa hasira, akauliza barua ni karatasi tu, nani shahidi? Nyange apande mti? Nani aliona? Wengine wakaanza kuitikia. Nikajua tumekwisha, na nikamuomba Babu msamaha moyoni.

Ndipo nyuma kabisa ikasikika fimbo. Mzee Duni alikuwa amekuja na Seif bila ya mtu kumjua. Akasimama kwa shida, ukumbi wote ukamgeukia.

Akasema, "Wallahi ni kweli, maana n'liona. N'liona vizuri kuliko ntu yeyote." Akaegemea fimbo. "Miye n'likuwa juu zaidi."

Walicheka mpaka wazumari wakashindwa kupuliza. Kisha, mmoja mmoja, wazee wakaanza kutaja miti yao. Mmoja mwembe, mmoja mfenesi, mmoja mnazi na hajui mpaka leo alipandaje. Yule aliyekuwa na hasira alikaa, akainama, akasema kwa sauti ndogo kuwa yeye alikuwa juu ya paa la choo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Jana kwetu vilikwenda vyote viwili.

Jana wamelala huku mjini, na leo wakirudi wametaka gari ya Ridha ipitie kwako kwanza kabla ya mtu yeyote kufika kwake. Barua hii wameichukua wao. Kwa hiyo ukiwa unaisoma, Shangazi, hao wa zambarau wako mlangoni, na Mzee Duni amo garini. Ametaka kukuamkia wewe, ingawa ni mkubwa wako, na amebeba beseni.

Mwanao,
Samiha Haidar Nyange